Bintu Alipopandisha Toni

Jumamosi ile soko la Kadutu lilikuwa limejaa hata mtu akitaka kupiga chafya ilibidi kwanza aombe nafasi. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha njia zinateleza, wabeba mizigo wanashuka na magunia kichwani wakipiga kelele "Pembeni! Pembeni!", na katikati ya fujo hiyo akatokea mwanaume mmoja mrefu, shati jeupe, viatu vinang'aa kama vya mtu asiyejua Kadutu ni nini, kidole kimoja amekitia sikioni, anaimba peke yake.

Aliyemwona kwanza ni Bintu, mshonaji, kutoka nyuma ya mashini yake. Msichana wa miaka ishirini na saba, blauzi ya kikwembe cha manjano imemkaa mwilini kama imemwagwa, na pini sita katikati ya midomo. Aliona mara moja kwamba yule bwana hakuwa mwendawazimu. Alikuwa amebeba wimbo. Umezaliwa kichwani mwake ndani ya taksi, simu yake imezima, na sasa anaukimbiza nyumbani kabla haujamwagika.

Gunia la unga wa muhogo likamgonga bega. Wimbo ukamwagika.

Alisimama pale njiani akifungua na kufunga mdomo kama kisamaki cha sambaza kilichotolewa ziwani sasa hivi. Bintu akamhurumia, au labda alitaka tu kujionyesha. Bila kutoa hata pini moja, aliuimba ule wimbo kwa meno, sauti kwa sauti, mpaka pale ulipoangukia.

Yule bwana akageuka. "Rudilia, tafazali."

"Minarudilia kama unatoka juu ya kitambaa ya batu. Uko naikanyaga."

Akaruka kando, akasikiliza, akaurudisha wimbo wake kichwani. Jina lake Chrispin, mwalimu wa kemia katika lise moja, shule ya sekondari, upande wa Nyalukemba, na kiongozi wa korale, kwaya ya parokia. Akataka kujua nani alimfundisha muziki.

"Mashini," Bintu akajibu. "Hii yangu inaimbaka sol. Ile ya Eulalie pale iko fa, na mafuta ikikauka inapanda kidogo, kama mwenyewe."

Eulalie alikuwa jirani yake wa kazi. Mashini yake iligusana na ya Bintu, na mdomo wake uligusana na habari za mji mzima. Akasema amesikia, na hatasahau.

Jumatatu mwalimu akarudi na shati lisilo na kifungo. Jumatano akaleta jingine. Ijumaa mashati mawili. Bintu akaangalia nyuzi, akaona zimekatwa kwa wembe, sawasawa kabisa. Alivishona vifungo vile vyote kwa uzi mwekundu kwenye mashati meupe, ili wanafunzi wa lise nzima wajue mwalimu wao amekamatwa. Ndivyo alivyokuwa Bintu. Yeye halipizi kwa kelele, analipiza kwa sindano.

Baada ya mwezi mmoja alikuwa ndani ya korale. Hawakuwa na kinanda, na kile chuma kidogo cha kutafutia sauti, diapazo, kilipotea siku walipohamisha makabati. Na korale isiyo na kinanda inahitaji mtu wa kutoa toni, ile sauti moja ya kuanzia ambayo wote wanaishika. Ikitolewa chini, mabesi wanazama. Ikitolewa juu, matenori wanasongwa na koo mbele ya watu. Chrispin akamsimamisha Bintu mbele, na tangu siku hiyo wakamwita Maman Diapazo. Sikio lake halikukosea hata mara moja.

Mapenzi yao nayo yalikuwa ya namna hiyo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi simu ya Bintu ililia, naye akaipokea akiwa bado na kitambaa cha kulalia kichwani.

"Sheri, nipe la yangu."

Bintu anamwimbia la, ndefu, macho bado yamefumba.

"Asante. Sasa jua inaweza kutoka."

"Basi niongezee kazi, niamushe na nyota."

"Niongezee sol kwanza."

"Sol ni ya siku ile wazee yako watakanyaga kwetu. Mbele ya hapo utakula la peke yake."

Chrispin alicheka, akamwahidi kwamba baada ya mafungo ya kuimba ya mwezi wa nane, wazee wake watapanda Kadutu. Bintu akaamini. Aliamini sana hata akamshonea suti ya kijivu kwa mkono wake, akamwekea ndani ya mfuko wa kifuani pindo la kitambaa cha manjano, kipande cha ile blauzi ya siku ya kwanza, mahali ambapo hakuna atakayekiona isipokuwa wao wawili.

Mwezi wa sita, Jumamosi moja, Chrispin akamwambia ana mambo ya familia na hatakuja mazoezini. Mambo gani? Atamwelezea kesho. Bintu akamtania kwamba mwanaume akisema "mambo ya familia" basi ameficha kuku wa mtu. Wakacheka, wakakata simu.

Saa tisa mchana Eulalie akamwekea simu yake chini ya pua bila kusema kitu, na Eulalie asiposema kitu ujue kuna msiba. Ilikuwa picha ya sherehe ya mahari, mtu ameitangaza na maua na maneno ya hongera kwa wachumba. Chrispin amekaa kwenye kiti cha bwana arusi. Kando yake Déborah, msichana mweupe mwenye mashavu wa huko Nyalukemba, vikwembe vya zambarau, shanga mpaka kiunoni. Wameshikana mkono. Na suti ni ya kijivu.

Bintu hakulia. Aliivuta ile picha kwa vidole viwili ikakua, akaangalia mkono, akaangalia tena suti. Mishono ilikuwa imekaa vizuri sana begani. Hilo ndilo lililomchoma. Amemvalisha mwanaume mwenyewe, amempiga pasi, amempeleka kwa mwingine.

Jioni jina la Chrispin likacheza kwenye simu yake. Akalifungia namba. Kesho yake hakwenda kanisani. Chrispin akapanda Kadutu mara nne, na mara zote nne Bintu alikuwa chini ya meza ya kukatia, amejikunja kati ya vipande vya nguo, anatazama vile viatu vinavyong'aa vimesimama hatua moja na pua yake.

"Alienda Uvira," Eulalie alimjibu yule bwana.

"Atarudi siku gani?"

"Uvira iko mbali, mwalimu. Iko bamoja baliendaka kule kutembea tu, wakaolewa."

Viatu vikageuka, vikaondoka. Bintu akatoka chini ya meza, nyuzi zimemjaa kichwani, akamwambia Eulalie amejibu vizuri. Na akaapa, mkono juu ya mashini, kwamba huyu bwana ataaibika mahali penye watu wengi, kwa kitu anachokipenda kuliko vyote, na yule wa mashavu awepo aone. Namna bado hakuijua. Namna ilikuja yenyewe mwezi wa nane, imevaa ndala na kofia ya majani.

Padri Ezéchiel alipanda Kadutu kwa miguu yake, jasho linamtiririka. Alikuwa mzee mpole ambaye kila mwaka aliichukua korale siku tatu huko Nyantende, nje ya mji, kuimba na kuomba kati ya mashamba na miti, mbali na pikipiki. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akalalamika. Tangu Bintu aondoke, wanaimba kama kila mtu anakaa nyumba yake. Tafadhali, siku tatu tu.

Bintu akauliza nani watakuwako. Korale yote, padri akasema. Na Jumapili, kwenye misa ya kufunga, wageni. Wazazi, wakubwa wa parokia, jamaa. Hata familia ile mpya ya akina Chrispin, wale wa Déborah, wamesema watakuja.

"Nitakuya, padri."

"Mungu akubariki, binti yangu."

"Tutaona," Bintu akasema.

Maana alikwisha kukumbuka sheria ya mafungo. Padri Ezéchiel aliipenda kuliko sala zake nyingine. Huko Nyantende hakuna kinanda, hakuna simu, na toni ni zawadi. Ukipewa, unaishika ile uliyopewa na kuimba nayo mpaka mwisho. Hakuna kurudisha, hakuna kuomba nyingine. Padri alisema ndivyo mtu anavyojifunza kupokea siku yake kama ilivyokuja. Watu waliona ni fundisho zuri. Bintu akaliona ni zuri kupita walivyoliona wao.

Na wimbo wa kufungia misa ulikuwa ule ule wa sokoni. Chrispin alikuwa ameumaliza, ukaitwa Umande. Unaanza kwa re. Wote wanaimba kiitikio, pale pale katikati, hata ukikipandisha kidogo hakuna atakayelalamika. Lakini mashairi matatu ni ya Chrispin peke yake, na katika kila shairi sauti inapanda kilima. Kwa re anafika juu amechoka lakini mzima. Kwa fa, Bintu alipiga hesabu akishona mkunjo wa sketi, angefika juu maiti.

Ijumaa alifika Nyantende na kapu lake, gauni la buluu, nywele amesuka upya. Chrispin alimwona, akaangusha makaratasi yote.

"Bintu. Ulirudi toka Uvira?"

"Bonjour, mwalimu," Bintu akajibu, kwa sauti ya mtu anayemsalimia kondakta, akapita.

Asubuhi za mafungo zilikuwa za kimya. Kabla jua halijapanda waliamka, watu thelathini na wawili, wakatembea mstari mmoja bila viatu kwenye njia ya mashamba, umande unawalowesha mpaka magotini. Hakuna kusema neno mpaka saa sita. Unasikiliza tu. Jembe la mtu kwenye maharage, maji ya kijito huko chini, ndege, majani ya migomba yanayopigana kama nguo mpya. Kisha wanasimama mahali, Bintu anatoa toni, wanaliimbia bonde, wananyamaza, bonde linawarudishia. Philémon, besi mmoja mnene asiyelia hata kwenye mazishi, alilia siku ya kwanza, akasema ni vumbi. Kwenye umande.

Hata Bintu moyo wake ulitaka kulainika. Aliukatalia. Padri alipowaambia kila mtu achague mti wake, aukumbatie na kuuambia lililo moyoni, Bintu alichagua mkaratusi mkubwa kuliko yote, akaweka shavu kwenye gamba, akaueleza mpango wake wote, kutoka suti mpaka fa. Mti haukupinga. Alipofungua macho alimwona Chrispin mtini pake, mbali kidogo, paji la uso limebanwa kwenye shina kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Bintu akajiuliza anaungama nini, mwizi huyu, na kwa nini mabega yake yamekonda hivyo. Shati lilikuwa moja la yale ya uzi mwekundu. Akageuza uso.

Baada ya saa sita Chrispin alijaribu kumkaribia. Mara ya kwanza Bintu alikuwa anamenya viazi na hakuweza kuacha. Mara ya pili alikuwa katikati ya masoprano tisa. Mara ya tatu alisema tu, bila kumtazama, kwamba watu wameacha kelele mjini ili waje kumsikiliza Mungu, si kumsikiliza mwalimu wa kemia.

Jumamosi mchana kulikuwa na kitubio, chini ya paa la majani. Bintu akapiga magoti.

"Padri, nitafanya zambi kesho."

Padri Ezéchiel alikohoa. "Kesho?"

"Baada ya komunyo, kwa wimbo wa kufunga."

"Binti yangu, za kesho sipokei. Uache kuifanya."

"Hapo sasa ndiyo siwezi, padri."

"Basi urudi baada ya kesho," padri akasema, akamwombea kwa muda mrefu kuliko watu wa kawaida.

Jumapili jua lilitoka safi. Misa ilisomwa kwenye uwanja wa majani karibu na kijito, wageni wamejaa mikeka na madawati, mama wamevaa vitenge vya sikukuu, wakubwa wa parokia wamekaa mbele. Déborah alikuwepo safu ya pili, gauni la rangi ya chungwa, miwani ya jua, mashavu yake yote mawili yamehudhuria. Bintu alimhesabu kwanza kabla hajahesabu Mungu.

Komunyo ikaisha. Padri Ezéchiel akamtazama Bintu kwa macho ya kuomba. Korale ikasimama. Kimya kikaingia, kile kimya cha Nyantende ambamo unasikia mpaka mbuzi anavyotafuna.

Bintu alifumba macho. Re ilikuwa pale kooni, imekaa mahali pake kama siku zote. Akaipita. Akapita na mi. Akaimba fa, safi, ndefu, nzuri kuliko toni yoyote aliyowahi kuitoa.

Watu thelathini wakaishika bila wasiwasi. Ni mmoja tu aliyeinua kichwa. Chrispin alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa Bintu alimtazama naye. Ni kitambo kidogo, kama mtu anayepewa kikombe na anajua kilichomo. Angeweza kuvunja sheria, mkono mmoja tu, akaomba toni nyingine. Hakuinua mkono. Akatikisa kichwa kukubali, akaanza.

*Umande, uliniita jina langu,
nikaja bila viatu...*

Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye kilima sauti ikapasuka katikati, ikatoa mlio wa jogoo wa kwanza kuwika maishani mwake. Philémon akacheka puani. Watoto wakacheka waziwazi. Déborah akaziba mdomo kwa mkono, na Bintu akaiona ile ishara, akaionja. Ilikuwa tamu kama muwa wa mwezi wa saba. Aliitafuna pole pole muda wote wa kiitikio.

Shairi la pili, wengi walidhani ataliruka. Akaliimba. Akapanda kilima kile kile, akavunjika mahali pale pale. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Mkubwa mmoja wa parokia aliangalia viatu vyake. Bintu alijisikia ameshiba.

Shairi la tatu Chrispin alivuta pumzi, shingo imemvimba, jasho kwenye vifungo vya uzi mwekundu, macho kwake peke yake. Bintu alitaka kumwambia aache. Alitaka kumpa re hapo hapo, kwa sauti, mbele ya watu wote. Lakini anayetoa zawadi hairudishi, sheria ilikuwa ya wote wawili. Chrispin akapanda. Akavunjika. Hakuna aliyecheka. Uwanja mzima ulinyamaza kwa haya ya kumtazama mtu anavyopigwa bila kujikinga.

Misa ilipokwisha Bintu alishuka kijitoni, akajifanya ananawa miguu. Viatu vinavyong'aa vikaja vikasimama hatua moja naye. Chrispin hakuwa na sauti tena, ilikuwa imebaki mnong'ono wenye mchanga.

"Ilikuwa fa."

"Ndiyo."

"Sikio yako haikosaka."

"Haikosaka."

"Basi ulifanya kusudi." Akameza mate, akaumia. "Siku ya kwanza nilisema labda umeolewa Uvira, umenisahau. Leo nimejua haukunisahau. Mutu haimbie mutu fa kama ile bila kumukumbuka. Sasa uniambie, nilikukosea nini?"

Bintu alikuwa ametayarisha maneno siku arobaini na tatu. Yalikuwa mengi, mengine ya Kishi, lugha ya kwao, mengine hayaandikiki. Yakatoka matatu tu.

"Uulize bibi yako."

"Bibi gani?"

"Ule anakuya pale na mashavu yake."

Kweli Déborah alikuwa anateremka, amenyanyua gauni la chungwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika simu mbele ya uso, anacheka mpaka machozi. Sheria ya simu ilikuwa ya wana-korale, si ya wageni.

"Shemeki, uongee na bwana yangu. Alisikia wimbo yote, ananiuliza kama munachinja mbuzi."

Kwenye simu kulikuwa na kijana amevaa koti nene na kofia ya sufu, nyuma yake ukuta mweupe, sura ni ile ile ya Chrispin iliyonenepa kidogo.

"Yaya," kijana akamwita kaka yake, "mi niko Kanada lakini ulinitoboa sikio."

Bintu alitazama simu, akatazama Chrispin, akatazama simu. Kisha, kwa adabu zote, akamuuliza Déborah ni nani aliyemtolea mahari mwezi wa sita.

Déborah akastaajabu. Ni Luc, huyu hapa, mdogo wa Chrispin. Makaratasi ya safari hayakumruhusu kurudi, na kiti cha bwana arusi hakiwezi kukaa wazi mbele ya wazee, kwa hiyo kaka mkubwa alikikalia kwa ajili yake. Si ndivyo watu wanavyofanya wakiwa na mtoto ng'ambo? Akamtafutia picha. Ilikuwa ile ile. Mkono, suti, shanga. Na mezani, mbele yao, katikati ya chupa za Fanta, fremu kubwa ya dhahabu na ndani yake picha ya Luc amevaa kofia ya sufu. Siku ile macho ya Bintu hayakufika mezani. Yaliishia begani, kwenye mishono.

"Na juu ya nini haukuniambia?" akamgeukia Chrispin, maana hata aliyekosea anahitaji pa kushikia.

Mama yake ndiye aliyewakataza wote, Chrispin akanong'ona. Kuna posa ya nyumbani kwao iliwahi kutangazwa kabla ng'ombe hawajapokelewa, mwenye ng'ombe wengi zaidi akafika kwanza. Mahari ikishatolewa ilikuwa ruhusa kusema, lakini kesho yake hakuwa na wa kumwambia. Alikosea. Angalau yeye Bintu angemwambia.

Padri Ezéchiel akapita na kapu la vikombe, akawaona, akasimama.

"Binti yangu, ile ya jana," akasema kwa upole. "Sasa naweza kuipokea."

Bintu akacheka na kulia vyote pamoja, akanawa uso kwa maji ya kijito. Alipoinua kichwa, Chrispin alikuwa bado pale, lakini hakuwa amemfungulia mikono kama alivyotarajia. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Siku arobaini na tatu ulinifungia simu," akanong'ona. "Nimekusamehe, sheri. Lakini nitalipiza. Na mi nakufungia arobaini na tatu. Ya arobaini na ine utaniona."

Bintu akamtazama machoni, akaona mtu aliyevumilia vilima vitatu bila kuinua mkono. Akasema sawa. Alisema haraka mno, na mtu mwenye akili angeshtuka.

Zile siku hazikuwa za mchezo. Saa kumi na mbili asubuhi aliamka mwenyewe, akatazama simu imelala kama jiwe, akaimba la peke yake kwenye mto. Alipiga mara moja, siku ya tisa, akasikia mlio wa mtu aliyefungiwa, akauona uchungu wake ulivyo, akakata. Eulalie alimletea habari bila kuombwa. Mwalimu amepata sauti yake. Mwalimu ameonekana na mwalimu mwingine, Francine, wa hesabu. Walikuwa wanaongea. Karibu sana? Kama mita mbili. Bintu akashona suruali ya mteja mguu mmoja mfupi. Ya thelathini alianza kuwaza kwamba labda huyu bwana amehesabu, akaona kwamba anaishi vizuri bila la ya mtu. Ya arobaini alikuwa na hakika.

Ya arobaini na nne ikafika. Alivaa blauzi ya manjano, akajiambia ni kwa sababu nyingine zote zimelowa. Saa nne hakuna mtu. Saa saba mvua ikanyesha, wauzaji wakafunika bidhaa kwa turubai. Saa tisa Eulalie akamwambia pole, na Bintu akamjibu pole ya nini, yeye anashona tu.

Ndipo aliposikia, chini kabisa kwenye mteremko, kati ya "Pembeni! Pembeni!" na pikipiki na redio tano, mtu anaimba. Shati jeupe, viatu tayari vimeisha kwa matope, vidole havimo masikioni. Nyuma yake wazee wawili wa kwao, kofia kichwani na makoti, wanateleza na kulaumu. Chrispin akasimama mbele ya mashini.

Alikuwa anaimba Umande. Na alikuwa ameuanza kwa fa.

Soko likageuka kutazama. Wauza nyanya, wauza makaa, wabeba mizigo na magunia yao kichwani. Akaimba mstari wa kwanza, wa pili, akakaribia kilima na shingo imeanza kuvimba, macho kwake, hasimami, yuko tayari kuvunjika tena pale Kadutu mbele ya mji mzima kama yeye Bintu ndivyo anavyotaka.

Bintu akatoa pini mdomoni, zote sita. Akainuka, na kabla Chrispin hajafika juu, akampa re.

Chrispin akaishika kama mtu anayeshika mkono gizani. Akashuka, akaanza upya, akapanda kilima mzima, akafika juu, akakaa huko mpaka mbeba mzigo mmoja akatua gunia lake ili asikilize.

"Nilikuletea wazee," akasema alipomaliza. "Sasa nipe na sol yangu."

"Wapande nyumbani kwanza, balilowa na mvua," Bintu akajibu, na sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza tangu azaliwe na sikio lile. "Sol iko."

Eulalie alikuwa tayari anapiga simu ya tatu.

Mahari ilitolewa mwezi wa kumi na mbili, kwa akina Bintu, Kadutu, chini ya turubai mbili zilizoungwa. Suti ya bwana arusi Bintu aliishona mwenyewe. Buluu nzito, mabega yamekaa, kiuno sawa, miguu sawa. Pale pa kukalia tu alipunguza vidole viwili. Kidole kimoja kwa siku arobaini na tatu, kidole cha pili kwa Francine wa hesabu.

Chrispin aligundua alipofika kwenye kiti. Akainama kidogo, akasikia uzi unalalamika, akarudi wima. Wazee wakasema kaa, kijana. Akasema amezoea kusimama. Hotuba ya kwanza, amesimama. Hotuba ya pili, kuhesabu ng'ombe, kasiksi, pombe ya ndizi, ikapita kwa mviringo, amesimama. Wajomba wa Bintu wakaanza kunong'onezana kwamba hawajawahi kuona mkwe mwenye heshima kama huyu. Yeye aliyekalia kiti cha nduguye saa tatu nzima, siku yake mwenyewe hakuweza kukalia cha kwake, na Luc alikuwa Kanada, ndani ya simu ya Déborah, anacheka na kofia yake ya sufu.

Bintu alikaa karibu naye, shanga mpaka kiunoni, uso wa malaika. Chrispin akainama mpaka sikioni mwake, kadiri suruali ilivyomruhusu.

"Sheri, hii ni kazi yako."

"Simama tu, mupenzi," Bintu akamwambia, akimnyooshea pindo la koti. "Ukisimama sauti inatokaka muzuri."